Ukumbi wa Taifa, Tarehe za Wengine

Ukiniuliza ni mwaka gani jukwaa la Kenya National Theatre (KNT), ukumbi wa taifa wa maigizo jijini Nairobi, lilishuhudia maonyesho yasiyosahaulika, sitataja mwaka wowote wa majuzi, ijapokuwa miaka ya majuzi ina taa nzuri zaidi na viti visivyochoma mgongo. Nitataja 1976, na ndani ya mwaka huo siku za kuanzia 20 hadi 30 Oktoba. Katika kipindi hicho tamthilia mbili za Wakenya zilipanda jukwaani: The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Zote mbili zilikuwa zimeteuliwa kuiwakilisha Kenya katika FESTAC, tamasha kuu la sanaa za watu weusi lililofanyika Nigeria kuanzia 15 Januari hadi 12 Februari 1977.

Watu wa fasihi hupenda kukisimulia kisa hiki kama kisa cha polisi. Polisi wamo, nitawafikia. Lakini kabla polisi hawajaonekana, kazi ilikuwa imeshafanywa na kitu kidogo zaidi, yaani daftari la ukumbi, lile ambalo ndani yake huandikwa nani atakuwa na jukwaa tarehe gani.

Kikundi kilichoandaa tamthilia hizo kilitaka kuzionyesha mwezi wa Oktoba kwa sababu ambazo mtoto wa shule angezielewa. Tarehe 20 Oktoba ilikuwa Sikukuu ya Kenyatta, hii tunayoiita leo Sikukuu ya Mashujaa. Tarehe 21 ilitimiza miaka 20 tangu Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, apigwe risasi na kukamatwa Nyeri. Isitoshe, UNESCO ilikuwa inafanya mkutano wake mkuu Nairobi kuanzia 26 Oktoba hadi mwisho wa Novemba. Wageni kutoka kila pembe ya dunia wangekuwa mjini, wenye hamu ya kuona Wakenya wanaigiza nini.

Jibu walilopewa ni lile ambalo kila msanii wa Nairobi analijua kwa moyo: tarehe zimeshachukuliwa. Kulikuwa na kikundi cha dansi ya bale kutoka Ufaransa. Kulikuwa pia na kikundi cha waigizaji Wazungu wa hapa mjini kilichokuwa kinaandaa A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, ile tamthilia ya nyimbo na vichekesho iliyotoka Broadway mwaka 1962. Baada ya mvutano, Wakenya walipewa siku chache kati ya tarehe 20 na 30 Oktoba wagawane, tamthilia moja ikipokezana na nyingine, kisha wapishe.

Sina ugomvi na vichekesho hivyo. Ni kazi iliyoshonwa vizuri, na mhusika wake mkuu ni mtumwa wa Kirumi anayetafuta kila hila ili aachwe huru. Mtu mwenye jicho la kejeli angesema Nairobi ya 1976 ilikuwa tayari kumcheka mtumwa anayetafuta uhuru, mradi awe Mrumi.

Lakini tuwe wa haki kwa wasimamizi pia. Meneja wa ukumbi anayefuta tarehe ya mtu aliyelipia, eti kwa sababu amekuja mwingine mwenye hoja nzito zaidi ya kisiasa, anafungua mlango mbaya. Leo atamfuta Mfaransa kwa ajili ya Kimathi, kesho atamfuta Kimathi kwa ajili ya waziri. Kanuni ya aliyetangulia ndiye mwenye zamu si kanuni ya kijinga. Shida yake ni kwamba anayetangulia ni yule yule kila mwaka. Ni mwenye ofisi, karani, akiba ya benki na ratiba ya msimu mzima, anayejua Januari kwamba Oktoba atahitaji jukwaa. Kikundi cha wahadhiri, walimu na wanafunzi waliokusanywa kwa ajili ya tamasha moja hakiwezi kumshinda mbio hizo hata kidogo. Hakuna aliyehitaji kuandika popote kwamba Waafrika wasipewe nafasi. Daftari lilitosha.

Na daftari hilo lilikuwa na wenyewe. Ukumbi ulifunguliwa Novemba 1952 na mwigizaji Mwingereza Ralph Richardson, majuma machache tu baada ya gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari. Uliitwa wa kitaifa wakati ambapo taifa lenyewe lilikuwa linasombwa kwa malori kupelekwa kizuizini. Miaka 13 baada ya uhuru, British Council, shirika la utamaduni la Uingereza, bado ilikuwa na kiti katika baraza linalousimamia. Bendera ilishabadilishwa uwanjani, waliokuwa wanapanga zamu za ukumbi hawakuguswa.

Sasa tuingie ndani. Kati ya tamthilia hizo mbili, ipi ilikuwa bora? Najua jibu langu litawaudhi baadhi ya wasomaji, ila nalisema: kwa maandishi, ya Imbuga. Nchi yake ya kubuni inaitwa Kafira, jina ambalo halihitaji mkalimani ukizipanga upya herufi zake. Ndani yake kuna Boss, mtawala asiyepingwa, na binamu yake Mulili, mtu wa Kiingereza kilichovunjika viungo lakini mwenye uwezo wa kuua kwa neno moja. Kabito anauawa, na chanzo ni zabuni ya kupeleka maziwa chuo kikuu. Zabuni ya maziwa! Mwandishi aliyeweza kuiona Kenya yote ndani ya zabuni ya maziwa mwaka 1976 hakuwa na haja ya unabii, alikuwa na macho tu. Kisha kuna ule ufundi wa mwisho. Wafungwa wanafanya mazoezi ya mchezo wa kumfurahisha kiongozi mgeni, bunduki za kweli zinaletwa ili mchezo ufanane na ukweli, na ghafla mazoezi si mazoezi tena. Boss anajikuta mbele ya mtutu alioutoa yeye mwenyewe.

Fikiria kukaa katika kiti cha KNT ukiangalia tukio hilo Oktoba ya mwaka ule. Tarehe 6 ya mwezi huo huo, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alikuwa ametoa onyo kwamba ni kosa la jinai, lenye adhabu ya kifo, kuwaza au kukusudia kifo cha Rais. Lilikuwa jibu lake kwa wanasiasa waliokuwa wanazunguka nchini wakidai katiba ibadilishwe ili makamu wa rais asirithi kiti moja kwa moja. Siku chache baadaye, kwenye jukwaa la taifa, rais wa kubuni anashikiwa bunduki na hadhira inakaa kimya kuona kama ataponyoka. Imbuga hakukamatwa. Kafira ilikuwa kinga yake: ukitaka kumshtaki, sharti kwanza ukiri kwamba Kafira ni Kenya. Kinga hiyo ilidumu hata ikaiingiza tamthilia shuleni, ikawa kitabu cha kutahiniwa, na vizazi vya Wakenya vikakariri maneno ya kuwasema wakubwa kwa sababu tu yangetokea kwenye mtihani.

Akina Ngũgĩ na Mĩcere walikataa kujikinga. Walimtaja mtu kwa jina lake, na jina lenyewe ni Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Usisahau kwamba mwaka 1976 Mau Mau ilikuwa bado chama haramu katika vitabu vya sheria. Marufuku ya Waingereza haikuondolewa mpaka 2003, wakati wa Rais Kibaki. Barabara ya Kimathi ilikuwepo katikati ya jiji, lakini kumtoa barabarani ukamweka jukwaani, aongee, hilo lilikuwa jambo jingine. Na ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi kadhaa tu tangu mwili wa mwanasiasa J.M. Kariuki, aliyeuawa, uokotwe Ngong. J.M. mwenyewe alikuwa amewahi kufungwa katika kambi za Mau Mau. Aliyekuwa amekaa ukumbini usiku ule hakuwa anatazama historia ya zamani.

Kama maandishi, tamthilia ya Kimathi ina vipande vinavyonichosha. Majaribu anayopewa shujaa akiwa selini, mmoja baada ya mwingine akija kumrai asalimu amri, yanafanana mno. Wanaokuja ni watu wa benki, wa siasa, wa dini, na kila mmoja anaondoka ameshindwa hoja bila kumtoa shujaa jasho. Lakini kuna mambo mawili ambayo hayatoki akilini. La kwanza ni mkate. Mwanamke anambebesha kijana mkate apeleke, na ndani ya mkate kuna bastola. Kitu cha kawaida kuliko vyote katika kikapu cha mama wa sokoni ndicho kinachobeba vita nzima. La pili ni uamuzi wa kumvalisha Shaw Henderson, mwindaji wa Kimathi, joho la hakimu. Aliyekukamata ndiye anayekuhukumu. Hakuna maelezo yanayohitajika, mtazamaji aliyewahi kufikishwa mbele ya chifu anaelewa papo hapo.

Halafu unakuja mwisho. Hukumu inatolewa, giza linaingia, risasi inasikika, kisha jukwaa linafurika wakulima na wafanyakazi wakiimba. Tamthilia imeandikwa kwa Kiingereza, ila wimbo huo wa kufunga ni wa Kiswahili, wimbo wa mto mkuu unaoteremka, mmoja akitoa na wengi wakipokea.

Usiku wa kwanza, tarehe 20, waigizaji hawakuishia jukwaani. Waliteremka wakiimba, wakapita katikati ya viti, na watazamaji wakainuka wakawafuata. Walitoka nje ya mlango wa ukumbi wakicheza, na kufikia hapo hakuna aliyeweza kusema nani alilipa tiketi na nani alikuwa na sehemu ya kuigiza. Msafara ukaelekea upande wa hoteli ya Norfolk.

Asiyeijua Nairobi ataona huo ni mwelekeo kama mwelekeo mwingine. Simama mlangoni pa KNT utazame. Mbele yako ni Barabara ya Harry Thuku na ng'ambo yake ni Norfolk, hoteli iliyofunguliwa 1904 na kuwa baraza la walowezi. Upande mwingine ni chuo kikuu, na hatua chache kutoka hapo ni kituo cha polisi cha Central. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika kwenye kituo cha polisi kudai Thuku, mwanasiasa aliyepinga ukoloni, aachiliwe, akina mama wakiwa mstari wa mbele, Mary Muthoni Nyanjiru akiwachochea wanaume kwa maneno ambayo hayasemeki mbele ya wakwe. Askari walifyatua risasi, na simulizi za wakati huo zinasema Wazungu waliokuwa barazani Norfolk nao walisaidia kufyatua. Serikali yenyewe ilihesabu zaidi ya watu 20 waliouawa. Kwa hiyo umati wa 1976 uliotoka ukumbini ukiimba kuelekea Norfolk ulikuwa unarudi mahali ambapo umati mwingine uliwahi kuangushwa. Sidhani kuna mwelekezi aliyepanga hilo. Jengo lilikuwa limejengwa pale, barabara ilikuwa pale, wimbo ukafanya yaliyobaki.

Polisi waliuzuia msafara usivuke kwenda hotelini. Baadaye Ngũgĩ na Seth Adagala, mwelekezi wa tamthilia hiyo, waliitwa makao makuu ya upelelezi. Kwa mujibu wa Ngũgĩ, swali walilokutana nalo lilikuwa kwa nini wanaingilia maigizo ya Kizungu katika ukumbi wa taifa. Soma tena swali hilo polepole. Hawakuulizwa kuhusu Mau Mau wala kuhusu uchochezi, waliulizwa kuhusu zamu. Ofisa wa upelelezi alikuwa ametumwa kutetea daftari.

Ndiyo maana nasema onyesho kubwa la mwaka ule lilikuwa usiku ule wa tarehe 20, ingawa tamthilia bora ilikuwa ile nyingine. Wakosoaji tuna tabia ya kupima usiku wa maigizo kwa maandishi, uelekezaji na uigizaji, kisha hadhira tunaitupia sentensi moja ya mwisho: ukumbi ulijaa, watu walipiga makofi. Mwaka ule hadhira ndiyo iliyocheza sehemu ngumu kuliko zote. Ilitoka nje.

Kuna kejeli moja ya ziada ambayo siwezi kuiacha. Tarehe 26 Novemba 1976, mkutano ule wa UNESCO uliokuwa Nairobi ulipitisha pendekezo rasmi kuhusu ushiriki wa umma kwa jumla katika maisha ya utamaduni. Kurasa kwa kurasa za kuzihimiza serikali ziwafungulie watu wa kawaida milango ya sanaa. Lilipitishwa katika jiji ambalo, mwezi mmoja kabla, umma ulikuwa umeshiriki utamaduni mpaka ukazuiwa barabarani.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, kwa hiyo nitayapita haraka. Ngũgĩ aliacha kubishania tarehe za ukumbi wa watu wengine. Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walijenga jukwaa lao la wazi, na Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ikaanza kuonyeshwa Oktoba 1977 kwa Gĩkũyũ. Leseni ilifutwa katikati ya Novemba. Usiku wa kuamkia mwaka mpya Ngũgĩ alikuwa mikononi mwa polisi, na hakutoka kizuizini mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilijaribu tena KNT, safari hii na Maitũ Njugĩra. Kilipofika Februari kwa mazoezi ya mwisho kilikuta milango imefungwa na polisi wanalinda. Mwezi uliofuata jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Linganisha 1976 na 1982 utaona tofauti ndogo yenye maana kubwa. Mara ya kwanza waliambiwa nafasi imejaa, mara ya pili ukumbi ulikuwa mtupu na bado hawakuingia. Daftari liliposhindwa kutoa kisingizio, kufuli likashika kazi.

Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa KNT yenyewe, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ, watu wakanunua tiketi na kupiga picha na waigizaji. Nilifurahi, na sitajifanya sikufurahi. Ila tusidanganyane kwamba hilo lilikuwa kisasi cha 1976 au 1982. Tamthilia inayoruhusiwa baada ya miaka 45 imekuja kama urithi, na urithi hauna anayeuogopa. Waliotajwa ndani yake wamekufa au wamekuwa majina ya barabara.

Ukitaka kuona woga ulihamia wapi, nenda Nakuru, Aprili 2025, tamasha la kitaifa la drama la shule. Wasichana wa Butere walifika na Echoes of War, mchezo ulioandikwa na aliyekuwa seneta Cleophas Malala, baada ya mahakama kuamuru waruhusiwe kushiriki. Malala alizuiwa na polisi. Tarehe 10 wasichana walipelekwa jukwaani asubuhi bila mwandishi wao, bila vyombo vya sauti na bila hadhira, kwa kuwa umma ulikuwa umezuiwa nje na vitoa machozi vikirushwa. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Waliopanga asubuhi ile walikuwa wametii amri ya mahakama kikamilifu, nafasi ilitolewa, muda ulitolewa, jukwaa lilitolewa. Kilichonyimwa ni watu wa kutazama, na mchezo usio na watazamaji ni mazoezi. Mzee yeyote wa KNT angeutambua ufundi huo.

KNT ya leo si ile ya 1976, hilo nalikubali. Ilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2015 kwa msaada wa kampuni ya bia, na Wakenya ndio wanaoisimamia. Anayekosa jukwaa sasa hakosi kwa sababu ya rangi. Anakosa kwa sababu ukumbi unakodishwa, na kikundi cha vijana kutoka mtaa wa Kayole chenye mchezo mpya kinashindana na mkutano wa dini, uzinduzi wa albamu na onyesho la vitabu teule, yaani vile vya kutahiniwa shuleni, la wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi. Hao wote wanalipa mapema. Onyesho la vitabu teule silidharau, limewalisha waigizaji wengi wakati hakuna kingine. Lakini ukumbi unaoitwa wa taifa ukiendeshwa kwa kanuni ya aliyelipa mapema, utarudia mwaka 1976 bila Mzungu hata mmoja.

Dawa yake haihitaji tume. Baraza la ukumbi litenge majuma mawili kila Oktoba, kabla ya kuuza tarehe nyingine yoyote ya mwaka, kwa tamthilia mpya za Wakenya ambazo hazijawahi kuonyeshwa, kwa lugha yoyote, bila ada ya kukodi. Vikundi vichaguliwe na jopo la wasanii wenyewe, na majina ya wanajopo yatangazwe. Na kalenda nzima ya mwaka ibandikwe mlangoni na kuwekwa kwenye mtandao, kila tarehe ikionyesha nani ameichukua na aliiomba lini, ili mwenye kuambiwa nafasi imejaa aweze kwenda kusoma mwenyewe.